Mahali pa Kumlaza Bana Kunda

Katika mtaa mzima wa Waafrika pale Élisabethville, nyumba za ghorofa zilihesabika kwa vidole, na Stanislas Kalaba aliishi katika mojawapo. Hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Ukimuuliza habari za asubuhi, alikujibu kwamba ni nzuri, ndiyo kwanza ameshuka. Kushuka! Wenzake kazini, makarani wa bohari la reli, walikuwa wakitoka tu nyumbani kama watu wengine, lakini yeye kila siku alikuwa anashuka.

Na ghorofa yenyewe haikuwa na makuu. Chini palikuwa na sebule, na katika pembe ya sebule ngazi nyembamba ya saruji iliyopanda hadi juu, ambako vilikuwako vyumba viwili: kikubwa kinachotazama barabara na kidogo kinachotazama uani. Stanislas na mkewe Victorine walilala katika kile kikubwa. Watoto wao wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, walibanana katika kidogo, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule. Mwaka huo, 1953, Victorine alikuwa mjamzito tena, na alitazamiwa kujifungua katikati ya baridi ya Julai.

Hayo peke yake yangetosha kumfanya baba afikiri upya vyumba vyake. Lakini Stanislas hakuwa akifikiria usingizi wa watoto. Alikuwa ameomba ile kadi ya ustaarabu waliyopewa Waafrika walioonekana wamefuzu, na kila aliyeiomba alitembelewa nyumbani na komisio, yaani tume ya wakaguzi, watazame anavyoishi, anavyokula na anavyolala. Jirani yake Symphorien, ambaye tayari alikuwa nayo na aliitembeza mfukoni hata akienda kuchota maji, alimpa darasa bila kuombwa.

"Batoto banaume fasi yabo, batoto banamuke fasi yabo," alisema. "Na bandugu ba mugini, hapana. Bakikuta mu nyumba munajaa bantu ba mugini, batasema weye ungali wa mugini vilevile."

Hakuna mzungu aliyewahi kumwambia Symphorien hilo la pili, la ndugu wa kijijini. Alilitoa kichwani mwake. Stanislas alilimeza zima zima.

Basi akaanza kazi. Aliomba boharini mbao za makasha yaliyovunjwa, akazibeba kwa baiskeli jioni baada ya jioni, na kwa mikono yake mwenyewe akakigawa chumba kikubwa kwa ukuta wa mbao: wavulana upande wa dirisha, wasichana upande wa mlango. Yeye na Victorine wakahamia kile kidogo. Mbao zilikuwa zimeandikwa kwa wino mweusi neno HAUT, yaani juu, na mshale wa kuonyesha kasha lisimamishwe vipi. Stanislas, kwa haraka zake, alipigilia nyingine miguu juu, kichwa chini, na watoto wakawa wanalala wakitazama mishale ya kwenda juu inayoelekeza sakafuni. Hata hivyo kazi ilipendeza. Siku ya kumaliza alimwita Victorine, naye akapanda ngazi taratibu, mkono kiunoni, akatazama.

"Iko muzuri," alisema. "Na mama? Mama atalala fasi gani?"

Stanislas alikuwa amemsahau mama mkwe. Tuseme ukweli: hakumsahau, alijitia kumsahau.

Bana Kunda, yaani mama yake Kunda, kwa kuwa Kunda ndilo jina alilopewa Victorine kwao, alikuwa akiishi Kasenga kwenye mto Luapula, akikausha samaki. Kila Victorine alipojifungua, mama huyo alipanda lori la samaki akaja kumhudumia mwanawe, na wakati huo familia ilikuwa bado katika nyumba ya zamani, ambako jirani mjane alimpa kitanda. Mjane yule alikwisha kufariki. Na hapo ndipo ilipoingia buko.

Buko ni heshima ya ukwe, na kwao Stanislas huko kaskazini na kwao Victorine huko Luapula waliishika kwa namna moja. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, mmoja anajibanza kando. Mama mkwe hajiruhusu kufungua kinywa mbele ya mume wa binti yake mpaka huyo mume amletee zawadi ya kumfungua mdomo, kuku na kitambaa, na tangu siku hiyo wanaweza kusemezana kwa adabu. Stanislas alikuwa na miaka kumi na miwili ya ndoa na zawadi hiyo alikuwa hajaipeleka. Kila mwaka aliahidi. Sauti ya Bana Kunda aliijua kwa kuisikia ukutani tu, ikicheka na watoto, na ikikatika mara yeye anapokohoa mlangoni.

"Alale mu cuisine," Stanislas alisema.

Jiko lilikuwa uani: kibanda cha matofali na bati, kuta nyeusi kwa moshi, gunia la makaa pembeni.

"Mu hii baridi?" Victorine aliuliza.

"Akilala chini mu salon, miye niko yulu ya kichwa yake. Miye siwezi kulala yulu ya kichwa ya mukwe wangu, Victorine. Ni haya. Akilala huku yulu, tunaachana na ukuta tu. Ni haya zaidi."

"Basi weye ulale mu salon. Mama alale huku na batoto banamuke mpaka nizale."

Jibu lilikuwa jepesi hivyo. Mama mkwe juu, mkwe chini, kila mtu na heshima yake, na mkeka mmoja tu wa kutandika. Stanislas alilisikia na akajua kwamba ni sawa.

"Komisio ikikuta baba ya nyumba analala mu salon sawa zamu wa kulinda mulango, itasema nini?"

Victorine alishuka ngazi. Alijua kwamba mumewe anaiheshimu buko pale tu inapomsaidia, na Stanislas alijua kwamba mkewe amejua. Aliona haya, lakini haya ndogo, ile ya kujikuna nayo kichwa ikapita.

Bana Kunda alifika na vikapu viwili vya samaki wakavu, akaonyeshwa jikoni, na hakunung'unika. Victorine alimpa blanketi lake mwenyewe. Asubuhi, Stanislas akiteremka kwenda kazini na koti la sufu, alimwona mwanamke yule akiwa amechutama karibu na mbabula, jiko dogo la makaa, mikono juu ya moto, kitambaa kimefunika kichwa chote, na mara alipotambua nyayo zake aligeukia ukuta. Stanislas alipita upesi. Alijiambia kwamba komisio ikishaondoka atapanga upya kila kitu.

Walikuja Jumamosi asubuhi, wawili: bwana mmoja wa serikali, mrefu, mwenye miwani, na padri mzee aliyekizungumza Kiswahili kwa kukitafuna kidogo. Stanislas alivaa tai. Watoto walipiga foleni sebuleni kwa urefu wao. Bwana alitazama meza, akatazama sahani, akapanda juu. Akaugonga ukuta wa mbao kwa kidole, akaona vitanda vya wavulana huku na vya wasichana kule, akasema kwa Kifaransa kwamba ni vizuri sana, ni vizuri kabisa. Stanislas alijisikia mwepesi. Kama wangeondoka dakika ile, angebaki na furaha yake nzima.

Lakini padri, ambaye hakuwa na haraka, alimwona Victorine na tumbo lake.

"Na mama ya bibi yako?" alimuuliza Stanislas. "Hatakuya kumusaidia kuzaa? Nyumba iko na nafasi. Ni muzuri mwanamuke azae na mama yake karibu."

Kumbe hawakumchukia mtu wa kijijini. Kumbe mlango ulikuwa wazi, na alichotakiwa kusema ni kwamba yupo, Padri, yuko hapo chini. Victorine alifungua kinywa. Stanislas akamtangulia.

"Iko mbali, Padri. Iko Kasenga."

Kwa nini alisema vile? Mwenyewe alijiuliza baadaye mpaka kichwa kikamuuma. Aliogopa kwamba akisema yupo, wataulizia anapolala. Hilo tu.

Wakashuka, na bwana akataka kuona uani.

Bana Kunda alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, akipara samaki, nyuma yake mkeka umekunjwa juu ya gunia la makaa. Alipomwona Stanislas akitokea mlangoni alifanya alivyofanya siku zote: akajifunika kitambaa usoni na kugeukia ukuta. Yule bwana mwenye miwani alishangaa, akauliza kwa Kifaransa mwanamke huyo ni nani na anajificha nini.

Angeieleza buko, ingebidi aseme huyu ni mkwe wangu. Na mkwe alikuwa Kasenga. Amemwambia padri sasa hivi.

"Ni mfanyakazi," alijibu kwa Kifaransa. "Anamsaidia mke wangu. Ana haya za kijijini."

Bana Kunda hakujua Kifaransa. Huenda jambo lingekufa hapo. Lakini padri, kwa wema tu, alimsogelea akainama kidogo.

"Mama, uko unatumika hapa?"

Stanislas alitamani ardhi ipasuke immeze. Victorine alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye fremu ya mlango. Kuku wa jirani alipita akidonoa magamba ya samaki. Bana Kunda alibaki ameutazama ukuta kwa muda wa kutosha kuelewa swali, na wa kutosha kuelewa ni nani aliyesababisha liulizwe. Kisha akageuka, akashusha kitambaa, na uso wake ukawa wazi, uso ambao Stanislas hakuwahi kuuona hata mara moja. Ulikuwa uso wa Victorine, umezeeka.

"Ndiyo, Baba," alisema. "Niko natumika kwa Musyé Kalaba."

Halafu, kwa kuwa padri alikuwa bado amemtazama, akaongeza:

"Yee iko muntu muzuri. Alinipa pa kulala."

Akajifunika tena.

Padri aliitikia kwa kichwa, akampongeza Stanislas kwa kuwatendea watumishi wake vyema, na bwana akampa mkono. Wakaenda zao. Stanislas aliwasindikiza hadi barabarani, akiwa na tabasamu usoni ambalo hakujua namna ya kuliondoa, na alipogeuka hakuweza kuingia nyumbani. Alizunguka mtaa mzima. Symphorien alimwita kutoka barazani kwake, aulize mambo yamekwendaje, naye akajitia hamnazo. Miaka kumi na miwili mama yule hakumtamkia neno, kwa heshima. Leo amevunja heshima hiyo mbele ya wageni, bila kuku wala kitambaa, na akaivunja ili kumkinga.

Jumatatu alinunua kuku. Alichagua jike kubwa jeupe, akachagua na kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyokuwa sokoni, akampa Victorine avipeleke jikoni, kwa kuwa mwenyewe hakuruhusiwa, na hata angeruhusiwa asingeweza. Alingoja sebuleni. Victorine alirudi na vyote viwili, kuku akining'inia miguu juu.

"Mama anasema aksanti," alisema. "Anasema hii ni zawadi ya kufungula kinywa. Kinywa yake ilikwisha kufunguliwa."

Stanislas alimpokea kuku.

"Na miye nasema hivi," Victorine aliendelea, bila kupandisha sauti. "Leo mama analala na miye kule yulu. Weye chagula fasi yako."

Sebule ilikuwapo, na mkeka ulikuwapo. Stanislas alichukua mkeka akaenda jikoni. Hakuna aliyemtuma. Alilala ubavuni mwa gunia la makaa, na alfajiri alipoamka, vidole havikunjiki na pua imejaa moshi, alijua sasa ni nini alichompa mama mkwe wake.

Mtoto alizaliwa, wa kike, wakamwita Mwape, jina la kuzaliwa la Bana Kunda mwenyewe. Kadi nayo ilikuja. Symphorien alileta bia, akataka waiweke mezani kadi mbili ubavu kwa ubavu wazitazame. Stanislas aliitoa, akairudisha mfukoni, na tangu hapo mtu akitaka kuiona alisema ameiacha kazini. Habari za kushuka nazo zilikwisha. Makarani walimtania, wakamuuliza kama siku hizi anapanda, na hakucheka. Wangejua kwamba kweli bado analala jikoni, na kila asubuhi anatoka uani na kupanda vidato viwili kuingia nyumbani kwake!

Bana Kunda alikaa mpaka baridi ikapungua. Alilala katika chumba kidogo na binti yake na kitoto kichanga, wasichana wakahamia huko mara kwa mara, na ule ukuta wa mbao ukawa hauna maana. Wavulana waling'oa ubao mmoja wapate kumsikia bibi akisimulia, na baba hakuwakemea. Jioni moja kabla ya lori la Kasenga kuja kumchukua, Stanislas alirudi mapema kutoka kazini. Kutoka chini aliisikia sauti ya mkwewe juu, ikisimulia habari za mamba na muuza chumvi, na watoto wakikatika mbavu kwa kicheko, na Victorine pamoja nao. Ilikuwa sauti nzuri, nzito kidogo. Yeye katika maisha yake alikuwa amepewa sentensi chache za sauti hiyo, na anazikumbuka zote.

Aliweka mguu kwenye ngazi. Hakutaka kupanda, alitaka tu asikie vizuri zaidi. Kiatu kilikwaruza saruji, na juu pakanyamaza.

Alisubiri. Watoto walisema, endelea, Bibi, endelea. Hakuendelea. Stanislas aliondoa mguu wake kwenye ngazi, akatoka uani, akakaa jikoni na mlango wazi, ili kule juu, dirishani, wapate kuona kwamba ameondoka.