Injini Iliyokunywa Maji

Gari ya dizeli haifi ghafla. Mtu akikuambia gari yake ilikufa ghafla, ama alikuwa hasikilizi, ama alisikia akanyamaza. Mimi nilisikia.

Sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu nikapanda lori la viazi kama taniboi, msaidizi wa dereva, nikalala chini ya lori miaka mingi, na udereva nikaufundishwa na dereva mlevi ambaye jioni hakuweza kushika usukani. Kwa kazi hiyo nilinunua shamba juu ya Gilgil, kipande cha lile shamba kubwa lililokuwa la mzungu, na leo watu wa digrii wanakuja kuniomba niwakatie ploti. Kwa hivyo nikisema habari za injini, sisemi nilichosoma mahali.

Gari yenyewe ilikuwa kubwa, ya zamani, imetoka Japani, na kabla yangu ilikuwa imepita mikononi mwa watu wawili wa Nairobi. Niliinunua wakati figo za mke wangu zilipokataa kazi. Daktari alituambia atasafishwa damu kwa mashine Jumatatu na Alhamisi, hospitali ya Nakuru, maisha yake yote. Akikosa, maji yatamjaa mwilini, yatapanda mpaka kwenye mapafu, na atazama akiwa amekaa kwenye kiti chake nyumbani. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nilimheshimu kwa hilo.

Kijana wetu mkubwa anakaa Nakuru, mtaa wa Section 58, na kutoka kwake mpaka hospitali ni mwendo mfupi wa boda. Alitaka tuhamie kwake sote wawili. Lakini kwetu baba halali chini ya paa la mtoto wake aliyeoa. Mama anaweza, atalala na wajukuu na hakuna atakayeuliza. Baba hapana. Hiyo ni heshima ya mke wa kijana, asikutane na baba mkwe kwenye korido akitoka kuoga. Nilizaliwa nikaikuta sheria hiyo na sitaivunja kwa sababu mtu amejenga vyumba vitatu na choo cha ndani. Mke wangu naye alikataa kwenda peke yake. Alisema akiniacha nitakula ugali mbichi mpaka nife mimi kwanza.

Matatu alijaribu. Akitoka kwenye mashine alikuwa kama nguo iliyokamuliwa, anatapika, miguu haishiki. Alihitaji kulala kwenye kiti cha nyuma. Kwa hivyo gari ndiyo iliyokuwa imebeba kila kitu, uhai wake na heshima yangu.

Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, tabia ya tangu lori. Siku moja nikakuta maji yamepungua. Nikalala chini na kuangalia: udongo mkavu. Nikapapasa mipira yote, nikapapasa pampu ya maji. Hakuna tone. Nikajaza. Baada ya safari mbili yakawa yamepungua tena.

Sasa elewa, mke wangu alikuwa amepimiwa maji. Kikombe kimoja kidogo kwa siku, na chai ikihesabiwa humo humo. Alikuwa ananyonya kipande cha limau ili mdomo usikauke. Na mimi niko hapo mbele yake, namiminia gari maji kutoka kwa mtungi, yanaingia gudu gudu gudu. Alikuwa ananitazama kupitia kioo.

"Mke mwenza ameamka na kiu leo," alikuwa akisema. "Mpe, Mzee, mpe. Huyo hajakatazwa."

Tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka wakati huo.

Nikatia binzari. Vijana wa siku hizi watacheka, lakini mtu yeyote aliyeendesha lori la zamani anajua: rejeta ikivuja, unamwaga binzari ya manjano ndani ya maji, inatafuta kitundu na kukiziba. Nimefika mpakani Malaba na viazi kwa binzari. Nikatia vijiko vya kutosha, nikazungusha injini, na kwa wiki hivi maji yakatulia. Nikamwambia mke wangu ni dawa ya jikoni imetibu gari. Akauliza kama inatibu na figo.

Kisha hita ikakata. Asubuhi za Gilgil unazijua, baridi inakuja na umande kutoka upande wa Kinangop, na mgonjwa wa figo huwa na baridi ya ndani ambayo blanketi haiondoi. Alikuwa anapenda ile hewa ya moto miguuni. Ikaanza kuja ya moto kidogo, kisha vuguvugu, kisha baridi tupu. Nikampelekea fundi wangu wa Gilgil, mtu mwenye gereji ya mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Akasikiliza, akacheka, akasema, "Mzee, binzari yako imeziba hita. Iache tu. Hita ni ya starehe, haisukumi gari."

Tukakubaliana hivyo. Ilikuwa na maana kabisa. Mke wangu akaanza kusafiri na blanketi mbili.

Kwenda Nakuru ni mteremko mwingi. Gari ilikuwa inashuka bila shida, mshale wa joto umelala. Kurudi ndiko kulikuwa na neno. Ukipita Elementaita, barabara inaanza kupanda kuelekea Kikopey na Gilgil, na hapo, na malori mbele yako yakitambaa, ndipo mshale ulipoanza kuinuka. Mara ya kwanza ulipita katikati kidogo tu. Nikapunguza mwendo, ukarudi. Wiki iliyofuata ukapita zaidi na ukachelewa kurudi. Nikajifunza kuendesha macho yakiwa kwenye mshale zaidi kuliko barabarani. Mke wangu alikuwa amelala nyuma, macho yamefungwa, lakini alikuwa anajua. Nikipunguza gia alikuwa anauliza, "Umefika wapi?" Hakuwa anauliza kuhusu barabara.

Alhamisi moja ulifika kwenye rangi nyekundu. Nikaegesha karibu na vibanda vya nyama choma vya Kikopey, nikaacha injini ingurume polepole mpaka ipoe, kwa sababu ukiimwagia maji ya baridi ikiwa moto unaipasua. Mke wangu akashuka akaketi kwenye jiwe, moshi wa nyama ukimpiga usoni, na kijana mmoja wa vibanda akamwambia, "Mathe, karibu ribs, mbavu ziko laini," naye akamjibu kwamba meno anayo, ruhusa ndiyo hana. Injini ilipopoa nikafungua rejeta. Ilimeza mtungi mzima.

Mke wangu alitazama mpaka tone la mwisho. Safari hii hakusema habari ya mke mwenza.

"Yanaenda wapi?" akaniuliza.

"Yanachemka, yanatoka na mvuke."

"Mimi nikinywa kikombe, maji yanaonekana. Yako hapa kwa miguu, yako hapa kwa uso. Hii inakunywa mtungi na haivimbi. Maji hayapotei, Mzee. Yameingia mahali."

Nikafunga kifuniko cha rejeta. Nilikuwa nimeshajua. Tangu wiki iliyotangulia nilikuwa nakuta mipira ya rejeta imekaza kama jiwe asubuhi, gari ikiwa imelala usiku mzima, wakati ingepaswa kuwa laini. Na nikiwasha kifuniko kikiwa wazi, mapovu yalikuwa yanapanda, moja baada ya jingine, kama kuna mtu chini ya maji anayepumua. Hiyo ni gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya injini na kichwa chake, imeachia. Moto wa injini umepata njia ya kuingia kwenye maji, na maji yamepata njia ya kuingia kwenye moto. Na moshi mweupe uliokuwa ukitoka kwenye ekzosi kila asubuhi, ambao nilikuwa nimesema ni baridi ya Gilgil, haukuwa baridi.

Utauliza kwa nini sikuifungua. Kuifungua hedi ni gari kulala kwa fundi, hedi ipelekwe Nakuru kupimwa na kusawazishwa, irudi, na vipuri vya gari ya umri ule huwezi kujua vitafika lini. Jumatatu na Alhamisi hazingoji vipuri. Nilipiga hesabu yangu: niendeshe polepole, nibebe mitungi, nifike msimu wa viazi, kisha nikodi gari nyingine wakati hii inafunguliwa. Nilikuwa nimevusha malori yaliyoharibika zaidi ya hii kwenye milima mirefu kuliko huu.

Kijana wetu aliniketisha nje ya nyumba yake, kwenye kiti cha plastiki, siku moja baada ya hospitali. Mama yake alikuwa ndani amelala kidogo. Alizungumza na mimi kwa adabu, hilo siwezi kumnyima. Aliniomba nimwache mama yake pale angalau mpaka gari itengenezwe.

"Haijawahi kukataa kuwaka," nikamwambia. "Hata siku moja."

"Najua, Baba. Siulizi hiyo. Nauliza siku ikikataa."

Nikamwambia alipokuwa tumboni nilikuwa tayari nafunga injini gizani kwa kupapasa. Wakati wa kuondoka alimfunga mama yake mkanda wa gari mwenyewe, akaushika kwa muda kabla ya kuuachilia.

Kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu ndiyo safari ndefu kwa mgonjwa wa mashine. Kutoka Jumatatu mpaka Alhamisi mwili unavumilia, lakini ile nyingine ina siku moja zaidi, na siku hiyo moja ndiyo inayoua watu. Jumapili ile hakwenda kanisani. Alisema viatu vimekataa. Usiku alilala ameegemea mito, na alikuwa akipumua kwa kukata, kama mtu anayepanda ngazi.

Asubuhi nikatoka kuwasha. Nikajaza rejeta. Nikazungusha ufunguo. Injini ikagonga mara moja, kó, kama nyundo kwenye chuma cha reli, ikasimama. Nikajaribu tena: kó. Taa za ndani zilikuwa zinawaka vizuri, kwa hivyo betri ilikuwa nzima. Injini yenyewe ndiyo ilikuwa imekwama, haizunguki. Niliketi pale mkono ukiwa kwenye ufunguo, na nikamsikia mke wangu akitoka mlangoni, hatua mbili, anasimama, hatua mbili, anasimama.

Nilimpigia simu kila mtu mwenye gari kijijini. Wa kwanza alikuwa ameshafika Naivasha. Wa pili hakushika simu. Aliyekuja ni mtu wa maziwa, na pikapu yake yenye madebe, baada ya kukusanya maziwa ya nyumba zote za juu, kwa sababu angeyaacha yangeharibika. Wakati anafika, midomo ya mke wangu ilikuwa imebadilika rangi. Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Tukampandisha. Nikataka kupanda nyuma na madebe, mtu wa maziwa akasema, "Mzee, nikikubeba huko nitaenda polepole. Chagua."

Nikashuka.

Mke wangu aliteremsha kioo. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. "Nikipona," akasema, "nitakaa kwa mtoto. Usinijie na hiyo gari."

Fundi alikuja mchana. Akafungua vipulizia dizeli vyote, mashimo yakabaki wazi, akaniambia nizungushe ufunguo. Maji yakaruka kutoka shimo la tatu, yakapiga boneti na kunyesha juu yake. Alipomaliza kufungua hedi tukauona ufa, mwembamba kama unywele, katikati ya vali mbili. Nikamwambia afungue na hita. Hakutaka, nikamlazimisha. Ilikuwa safi. Binzari haikuwa imeziba chochote. Hita ilikuwa baridi kwa sababu maji hayakuwa yakiifikia, tangu siku ile ya kwanza alipocheka. Alijifuta mikono kwa muda mrefu.

Jioni kijana alipiga simu. Walikuwa wamemtoa maji kwenye mapafu, yuko kwenye oksijeni, amelazwa. Alitaja kila kitu alichoambiwa na daktari isipokuwa jambo la gari. Hilo aliniachia mimi.

Alikaa wodini, akatoka, akaenda Section 58 kama alivyosema. Mimi nilibaki shambani mpaka viazi vikatoka. Kisha nikamkodishia jirani shamba, nikaiacha gari juu ya mawe pale gerejini, na nikapanga chumba kimoja hapo hapo Section 58, nyuma ya duka la unga. Nalala kwangu. Nakula kwa kijana, nje, chakula kinaletwa. Hakuna sheria iliyovunjwa, na asubuhi ya Jumatatu na Alhamisi mimi ndiye ninayempeleka, kwa tuktuk, polepole. Nilidhani tumemaliza habari za injini.

Jumatatu iliyopita tulikuta wagonjwa wamejaa kwenye benchi la nje. Muuguzi alitoka akasema mashine zimesimama zote tangu Jumamosi, ni mtambo wa kusafisha maji yanayoingia kwenye mashine ndio umeharibika, na fundi anatoka Nairobi. Mke wangu alikuwa amevaa malapa, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Tukangoja. Watu wawili walichukuliwa na jamaa zao kupelekwa Eldoret. Kijana alikuwa anapiga simu hospitali za kulipia, zote zikimwambia zimejaa.

Nikamfuata muuguzi kwenye korido nikamwuliza fundi amefika wapi. Akaniambia amepiga simu akiwa juu ya Mai Mahiu, kwenye mteremko. Lori limepinduka na kulala barabarani, hakuna gari inayopita, hata ya polisi. Naijua sehemu hiyo. Lori likilala pale, kuliondoa ni kazi ya kutwa.

Nikarudi nikaketi. Mke wangu akaniuliza wamesema nini.

"Wamesema yuko njiani," nikamwambia.

Akanitazama usoni. Kisha, pumzi ikianza kukata kama usiku ule wa mito, akainua mkono na kufungua kifungo cha juu cha sweta yake, na baada ya kidogo, cha pili.