Shamsia, fundi wa mipini anayesubiri mti ukauke

Saa moja asubuhi msuka wa kisu cha jikoni umeiva mwekundu ndani ya jiko la mkaa, na Shamsia Mwinjuma ameinama juu yake, koleo mkononi. Bapa amelifunga kitambaa kilicholowa maji ili moto usipande ukalainisha makali. Anauinua msuka, ule mkia wa chuma unaozama ndani ya mpini, anaulenga kwenye tundu alilotoboa jana, kisha anaukandamiza. Moshi unafuka.

"Moshi usiutazame," anasema. "Sikiliza. Mti ukilia chiii, una maji ndani. Ukinyamaza, umekauka."

Huu unalia. Shamsia anauchomoa msuka, anaurusha mpini kwenye rundo la kuni na kuchukua mwingine.

Kibanda chake kiko Ikwiriri, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, mahali ambapo vumbi la pumba hutua juu ya kila kitu, hata juu ya chai. Ana miaka arobaini na mitatu. Hafui chuma. Mabapa huyapata kwa Tahiri, mhunzi wa Kibiti anayeyafua kutokana na springi za malori. Kazi ya Shamsia ni mpini tu, na kwa watu wanaoingia mikokoni, anasema, mpini ndio kisu.

"Kila mtu na kiganja chake, na kila mtu na ubishi wake."

Wakata mikoko hutaka mpini mrefu wenye kifundo mwishoni, mkono wenye tope usiteleze. Wanawake wa Ruaruke wanaokata ukindu wa mikeka hutaka mwembamba, wa kuzungushia vidole vyote. Warina asali hutaka mfupi, kwa sababu mkono mmoja umeshika tawi na nafasi ya kujinyoosha hakuna.

Yeye mwenyewe hapendi mpini wa mviringo. "Huo mwachie mchi. Kisu kikikuzunguka mkononi, macho yako yako juu kwa nyuki, utajuaje makali yameelekea wapi?" Mipini yake ina umbo la yai, bapa kidogo ubavuni.

Wala hapendi ile ya vipande viwili vilivyobanwa kwa ribiti, kama visu vya dukani. Wengi huisifia kwamba haichomoki. Shamsia hutikisa kichwa. "Maji ya chumvi yanaingia kati ya mti na chuma, yanakaa humohumo. Nje kinang'aa, ndani kinaliwa. Siku ya kukatika hakikuagi."

Njia yake ni ile aliyoikuta kwa mumewe, Yussuf. Mti ni mkomafi, mmoja wa jamii ya mikoko, vipande vinavyobaki kwa mafundi wa boti. Msuka unachoma njia yake wenyewe ndani ya mti, kisha tundu linajazwa sandarusi, utomvu mgumu wa mti, iliyoyeyushwa. Shingoni mpini unavishwa noleo, pete ya shaba inayouzuia mti usipasuke. Kabla ya yote hayo mteja hupewa donge la udongo mbichi alifumbate kama anavyofumbata kisu. Donge likikauka, ndilo kipimo.

Lakini kabla ya donge, moto na sandarusi, kuna magunia. Yussuf alikuwa akifukia vipande vya mkomafi ndani ya magunia ya pumba za mpunga na kuviacha miezi sita au zaidi. Pumba hunyonya maji polepole, mti ukakauka bila kupasuka. Aliyeyaona magunia yale aliona pumba tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Yussuf alifariki mwaka juzi, baada ya homa ya siku chache. Shamsia akaingia eda. Watu wa msiba walikuwa wengi na nyumba ni ndogo, kwa hiyo wifi yake, Hadija, aliyekuwa akisimamia shughuli, akasafisha kibanda ili wanaume wapate pa kukaa. Magunia ya pumba akawapa wafyatua matofali wa ng'ambo ya barabara, ambao kila siku wanatafuta pumba za kuchomea tanuri.

"Ningejuaje?" anasema Hadija, ambaye siku hizi humsaidia Shamsia kuuza. "Mimi kwa kaka yangu nilikuwa naletewa samaki, siletewi habari za magunia."

Shamsia alipotoka eda, tanuri lilikuwa limeshapoa. Matofali yale yamejenga nyumba yenye bati la bluu, karibu na msikiti. "Nikipita pale najua mipini yetu yote imo ukutani," anasema, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Alikuwa na mabapa tayari na wateja wanaosubiri. Akanunua mkomafi mpya, akauanika juani mpaka ukaonekana mkavu, akatia mipini. Nje ilikuwa mikavu kweli. Ndani haikuwa. Mti ulipoendelea kukauka ulijivuta, sandarusi ikabaki imeshika chuma peke yake.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa Twalha, mrina asali wa delta aliyekuwa rafiki wa Yussuf tangu ujanani. Alikuwa juu ya mti wa mchu, anakata sega, bapa likatoka.

Leo asubuhi Twalha yupo hapa. Amekuja kwa boti hadi Nyamisati, bodaboda hadi Bungu, kisha basi. Amekaa kwenye kigoda na kuvuta suruali juu ya goti kuonyesha kovu refu la pajani.

"Kisu kimekwenda zake, mimi nimebaki na kijiti mkononi kama mtu anayepiga mswaki," anasema. "Na nyuki hawana utani, wallahi."

"Ukanitangaza delta nzima," Shamsia anamjibu.

"Sikukutangaza, shemeji. Nilipiga kelele tu, watu wakasikia."

Kelele zile zilifika mbali. Visiwani huko delta wakaanza kusema visu vya Shamsia vinavua shati. Shamsia hakubishana nao. Alituma ujumbe kwa kila aliyenunua kisu akirudishe, akavivua mipini vyote, mabapa akawarudishia wenyewe bure. Tangu hapo hajauza kisu cha porini. Walipokuwa wawili, visu hivyo vilikuwa vikiwaingizia zaidi ya laki mbili kwa mwezi. Sasa anaishi kwa mipini ya majembe na visu vya jikoni, na mwezi mzuri humpa nusu ya hizo.

Twalha peke yake alikataa kuchukua bapa lake. Alisema atalifuata likiwa na mpini. Na sasa msimu wa asali umeanza.

"Mwezi mzima natumia kisu cha ndugu yangu, cha ribiti. Kinanifinya kiganja mpaka nashindwa kula ugali. Nipe changu niende."

Shamsia anafungua gunia moja la pumba, jipya, anachomoa kipande cha mkomafi na kukiweka shavuni. "Baridi," anasema. Anagonganisha viwili. Sauti ni nzito, ya kitu kilichoshiba. "Bado, shemeji."

"Bado kidogo au bado sana?"

"Mpunga ulioko shambani uvunwe kwanza."

"Nyuki watanisubiri mimi? Basi nipe hivyohivyo, nitakifunga kwa mpira wa baiskeli."

"Sikupi."

"Ni paja langu!"

"Na jina langu."

Twalha anasimama. Anasema basi ataingia dukani anunue panga la kiwandani, na safari hii hasemi kwa utani. Hadija anamtazama wifi yake. Akiondoka huyu, visiwani hatabaki mtu hata mmoja wa kusema neno jema juu ya visu vya hapa.

Shamsia haombi. Anaingia ndani na kurudi na kisu kingine, cha zamani, kimeviringishwa kwenye kanga. Ni cha Yussuf, alichokuwa akikitumia kila siku. Mpini wake ni mkomafi uliokauka miaka kumi na kitu, mnene, kwa sababu Yussuf alikuwa na mkono mkubwa. Mahali pa kidole gumba pamechimbika bonde dogo, laini.

"Wifi," anasema Hadija. "Hicho sicho cha kuuza. Hicho kumbukumbu."

"Siuzi kisu. Natoa mpini."

"Ndio huohuo alioushika!"

"Nyumba nzima ina mkomafi mmoja tu mkavu, Hadija. Ndio huu."

Twalha anasema hapana, shemeji, acha, atanunua hilo panga. Shamsia anamwambia akae. Analiweka bapa la Yussuf karibu na moto, kiasi cha kulainisha sandarusi, analivuta taratibu. Linatoka zima. Halafu anatafuta rafuni donge la udongo la Twalha, lenye alama za vidole vifupi, na kuanza kuchonga.

Kazi haichukui muda. Mpini ni mnene na mkono wa Twalha ni mdogo, kwa hiyo kuna cha kupunguza. Maranda ya mti yanadondoka, mekundu. Kile kibonde cha kidole kinapungua kina, kinakuwa doa, kinaisha. Hadija amegeukia barabarani. Shamsia hasimami wala hapunguzi mwendo.

Msuka wa Twalha ni mnene kuliko wa Yussuf. Unapozamishwa ukiwa mwekundu, moshi unafuka na mti haulii.

Sandarusi ikishapoa, Shamsia anamwambia Twalha avute. Twalha anavuta. Anaweka unyayo juu ya noleo, analivuta bapa tena kwa kitambaa mpaka mishipa ya shingo inasimama. Anakifumbata kisu, anakigeuza huku na huku, anakitia kwenye ala.

"Kimekaa," anasema. Anatazama chini. "Mwenyewe angenicheka, mkono wangu huu wa kitoto."

"Angekucheka sana. Nenda, basi litakuacha."

Twalha akishaondoka, Shamsia analipaka mafuta bapa la mumewe lililobaki uchi, analirudisha ndani ya kanga. Hadija anamuuliza sasa hilo atalifanyia nini.

Amekwisha kuamua. Mpunga ukivunwa, magunia yatafunguliwa, na mpini wa kwanza utakuwa wa bapa hilo. Utakuwa mwembamba, mfupi kidogo, wenye ubavu bapa kama anavyopenda yeye.

"Nitauchonga kwa kipimo cha kiganja changu, niutumie mwenyewe kila siku, mvua na jua," anasema. "Ukikaa mwaka mzima mkononi mwangu bila kucheza, ndipo nitakwenda visiwani kuuza tena."