Paa Alizozikata Baba

Mkutano wangu wa kwanza kuhusu asbestosi ulikuwa na chai ya maziwa, mkate wa siagi na watu arobaini na mmoja. Idadi naijua kwa sababu wote walitia sahihi. Mimi ni karani wa idara ya matengenezo katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Nyeri, na barua ilikuwa imetoka kwa wakubwa: majengo ya zamani yana asbestosi, na kila mfanyakazi na kila mkandarasi atakayeyagusa lazima ajulishwe hatari yake kabla hajashika nyundo. Basi nikawajulisha. Niliisoma barua yote, Kiingereza chake chote, nikaitafsiri kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, kisha nikauliza kama kuna swali. Mtu mmoja aliuliza kama mkate umebaki.

Nilimpelekea mkuu wa idara karatasi ya sahihi, akaandika "Wamejulishwa" na kupiga muhuri. Nilirudi kwenye meza yangu nikijiona mtu wa maana sana. Hiyo ndiyo tabia yangu, naanza kujisifu kabla kazi haijaonekana.

Jumanne ya wiki iliyofuata nilikuwa napita nyuma ya jengo la zamani la kufulia nguo nikasikia msumeno. Mkandarasi aliyepewa kazi ya kubadilisha nyaya za stima alikuwa ameleta vijana wake, na wawili walikuwa juu ya paa wakikata bati la asbestosi ili wapate pa kupitishia bomba la nyaya. Vumbi jeupe lilishuka taratibu, likatua kwenye nyasi, kwenye kofia zao, kwenye chupa ya uji iliyokuwa wazi. Mabati mazima waliyokuwa wameyang'oa yalipangwa vizuri kando ya ukuta. Na chini ya ngazi, ameishika kwa mikono miwili na kuwaelekeza pa kukata, alisimama mzee mmoja mwenye kabuti la bluu. Mzee huyo ni baba yangu.

Baba alikuwa seremala wa chuo hiki miaka thelathini. Alistaafu nikiwa nimeajiriwa miaka michache tu, na tangu hapo kila mkandarasi anayepata kazi huku humtafuta, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua paa zetu kama yeye. Mabweni ya kale, jengo la kufulia, stoo ya jikoni, zote aliziezeka au kuzikarabati yeye. Mabati hayo ni ya kijivu, yana mawimbi, ukiyagonga utadhani ni simenti. Mvua ya Aprili huku kwetu si ya mchezo, na baba hupenda kusema kwamba hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhamisha kitanda kwa sababu ya paa lake. Sisi watoto tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, na vipande vya mabati hayo ndivyo vilivyokuwa chaki yetu. Tulichora navyo miraba ya kurukia kwenye sakafu ya veranda, tukavipuliza vumbi ili mistari ionekane vizuri.

Ubaya wenyewe uko kwenye vumbi. Asbestosi ni jiwe lenye nyuzi nyembamba kupita kiasi, na zamani lilichanganywa na simenti kutengeneza mabati. Yakikaa juu ya paa mazima, bila kuguswa, hayana ugomvi mkubwa na mtu. Ukiyakata, ukiyatoboa, ukiyavunja au ukiyafagia yakiwa makavu, nyuzi hupanda hewani, mtu akazivuta, zikakaa kifuani zisitoke. Ugonjwa unaweza kuja miaka mingi baadaye, mtu akiwa ameshalisahau hata jengo lenyewe.

Haya yote niliyajua, tangu barua ilipofika mezani kwangu, mwezi mzima kabla ya Jumanne ile. Nilikwenda nyumbani kila Jumapili, nikala viazi na kabichi za mama, nikaongea habari za ng'ombe na za kanisa, na sikumwambia baba hata neno moja. Kwenye mkutano sikumwalika. Nilijiambia kwamba amestaafu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ungeanzaje kumwambia mtu kwamba kazi aliyoifanya kwa ustadi miaka thelathini huenda imemdhuru yeye, na mkewe, na watoto wake?

Kwa hiyo nilipomwona chini ya ile ngazi, hasira zote nilizokuwa nazo juu yangu mwenyewe ziliwaangukia wengine.

"Shukeni!" nilipiga kelele. "Shukeni sasa hivi! Hiyo msumeno wekeni chini!"

Vijana walinitazama, kisha wakamtazama baba. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wao mkuu.

"Madam, kwani kuna nini?" aliuliza mmoja.

"Si niliwaambia juzi? Si mlisaini?"

"Tulisaini ya chai," akasema, bila utani wowote.

Wakati huo huo pikapu iliingia ikirudi nyuma hadi ukutani. Nilikuwa nimesahau desturi ya mafundi wa kwetu. Fundi akiezua paa, mabaki ni yake. Hakuna anayeandika hilo popote, na hakuna anayelipinga; ndiyo heshima yake juu ya ujira. Baba alikuwa ameshayagawa mabati yale kichwani mwake. Manne yangekwenda kwake, aongeze banda la sungura. Mengine ni ya jirani zake wawili kule Chaka, mmoja ana kuku, mwingine ni mjane anayetaka kuziba jiko lake lisiingie upepo. Pikapu ilikuwa ya huyo wa kuku.

Nilisimama mbele ya mabati, nikatanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani. "Haya hayatoki hapa, Baba."

Baba huniita Mami, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Aliiachilia ngazi, akanikaribia, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Mami, unanifukuza kwa kazi mbele ya watu?"

"Sikufukuzi, Baba. Ni sumu."

"Hii? Hii mimi nimekata tangu hujazaliwa."

Barua haikuwa na aya ya swali hilo. Baba alivua kofia, akaikung'uta kwenye goti, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Pikapu ilimfuata ikiwa tupu.

Nilikwenda nyumbani jioni hiyo hiyo. Nilieleza kila kitu kwa Kikuyu, polepole, bila barua. Baba alisikiliza akiangalia redio iliyozimwa. Mama ndiye aliyeuliza. "Na lile kabuti lake? Nilikuwa nalikung'uta kila jioni kabla ya kuliloweka. Vumbi lilikuwa linajaa mlangoni, nikiwa na wewe mgongoni." Nilimwambia kwamba ndiyo, hata hilo. Mama aliiweka mikono yake magotini. Baba alisimama, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wamekamuliwa zamani. Nililia njia nzima nikirudi Nyeri, na sioni aibu kusema.

Siku tano hakupokea simu yangu. Kazi ya nyaya ilisimamishwa. Mkandarasi alinipigia kila asubuhi kuniuliza ati madam ananyima watu kazi mpaka lini. Nami nilimjibu kwa maneno ambayo karani hafai kumwambia mkandarasi.

Jumatatu baba alitokea mlangoni pa ofisi yangu amevaa koti la kanisani. Hakuketi. "Hiyo orodha ya nyumba iko na hiyo kitu, iko wapi?" Nikampa ile iliyokuja na barua ya wakubwa. Alivaa miwani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, halafu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

"Huyu aliandika hii, hajawahi panda ngazi," akasema. "Kuja."

Tulizunguka chuo asubuhi nzima. Orodha ilikuwa na majengo matano, yale ambayo mtu akisimama nje anaona paa la kijivu. Baba alinipeleka maktaba, kwenye mabati mapya mekundu, akaonyesha juu ya dari. Paa la kale halikuondolewa, walilifunika tu, na fundi yeyote wa stima akiingia darini atatambaa chini yake. Alinipeleka nyuma ya jikoni, kwenye mabomba ya maji moto yaliyofungwa kitu cheupe kama plasta. Yeye mwenyewe alimsaidia fundi wa mabomba kukifunga. Akanionyesha vibao chini ya madirisha ya bweni la wasichana, bomba la moshi kwenye stoo, na shimo nyuma ya uwanja walikofukia vipande vilivyovunjika. Hakugusa chochote, alisimama mbali na kuonyesha kwa kalamu. Kufikia saa sita nilikuwa na mahali patano pasipojulikana na ofisi yoyote. Nikiandika, nilijawa na fahari hata mwandiko wangu ukaharibika. Kitu ambacho nilidhani kingemvunja moyo, yeye alikuwa amekigeuza kazi, na aliifanya kwa ule ule ustadi wa siku zote.

Kabla hatujaitisha mkutano wa pili nilimpeleka hospitali, pamoja na mama, wakapigwa picha za kifua. Ya mama ilikuwa safi. Kwenye ya baba daktari aliona makovu kidogo upande wa kulia. Alisema huenda ni hiyo, huenda ni nimonia ya zamani. Arudi kila mwaka waangalie, na kama kuna sigara aache. Baba alijibu kwamba sigara aliacha siku aliyooa, kisha akamuuliza daktari kama hospitali imekagua paa lake.

Mkutano wa pili haukuwa ukumbini. Tuliufanya pale pale kwenye jengo la kufulia, mbali na vumbi la wiki ile, ambalo lilikuwa limefunikwa nailoni na kuzungushiwa utepe. Nilimwambia mkandarasi aje yeye mwenyewe, na akaja, shingo upande. Nilieleza kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Hutoboi, hukati, huvunji, hufagii kikavu. Ukikuta bati la kijivu au kitu cheupe kwenye bomba, unasimama na unaniita. Kuondoa ni kazi ya watu wenye leseni, wanaoyalowesha mabati, wakayafunga kwa nailoni na kuyapeleka panapotakiwa. Kisha nikamwita baba.

Alikuwa amebeba pakiti ya unga wa ngano. Alijimwagia kifuani na mabegani mpaka akafanana na mtu anayetoka kwenye kinu cha posho. Watu wakacheka. Akatembea hadi kwa mkandarasi, akamsalimia kwa mkono na kumshika bega. Akakaa kwenye benchi katikati ya vijana wawili. Akachukua kikombe cha mmoja wao, akakirudisha. Halafu akavua kabuti na kulikung'uta mara tatu kwa nguvu, vile mama alivyokuwa akilikung'uta, na unga ukamfikia hata aliyesimama mwisho. Kicheko kilikwisha. Kila mtu alikuwa akijitazama nguo, na mkandarasi alikuwa na alama ya kiganja begani.

"Hii mnaona," baba akasema. "Ile hamwoni. Na hii mabaki ya fundi, kwa hii nyumba hakuna. Mimi nimerudisha yangu." Ilikuwa kweli. Mabati mawili ya kazi za zamani yaliyokuwa kwenye banda lake la sungura alikuwa amewaonyesha watu wenye leseni, nao wakaja kuyafunga pamoja na ya chuo. Kwa jirani zake wa Chaka alikwenda mwenyewe kueleza, na yule mjane alimpa kuku kwa kumwambia mapema.

Fundi wa stima, kijana anayetoka Bungoma, ndiye yule aliyeniambia habari ya kusaini chai. Alisimama, akanyoosha mkono. "Mzee, na wewe umekata hizi vitu miaka thelathini na uko hapa unaongea. Sasa sisi tuogope nini?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa na majibu mazuri safari hii. Baba alinionyesha kiganja nitulie, akasema habari ya picha ya kifua, na makovu, na kwamba atarudi hospitali kila mwaka mpaka afe, na kwamba mke wake alikung'uta hilo vumbi na mtoto mgongoni. Aliniashiria kwa kidevu. "Mtoto mwenyewe ni huyu." Watu wote waligeuka kunitazama.

"Mimi hakuna mtu aliniambia," baba akasema. "Wewe umeambiwa."

Yule fundi akainama, akaichomoa kwenye waya wa stima drili aliyokuwa ameiweka tayari kwa kazi, akaifunga kwenye mfuko wake na kuketi.