Aliyenunua Ni Shahidi

Mdogo wangu tulimpachika jina la Bawaba tangu utotoni, kwa sababu ukimsukuma lazima atoe sauti. Baba akigawa kazi kwa upendeleo, kaka zetu wakakaa na sisi tukaosha vyombo, mimi nilinuna na kuosha. Yeye aliuliza kwa nini, akachapwa, akauliza tena. Nayasema haya mapema msije mkadhani kuna mtu alimfundisha la kusema mahakamani. Mdomo ule alizaliwa nao.

Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni ya ghorofa moja, karibu na soko la mbao. Mashuka ya vyumba vyote yalipita mikononi mwake, na dawa ya kung'arisha ilikuwa imemla vidole hata sindano ikimchoma hasikii. Jioni alipita kwangu kunisaidia kutia vifungo kwenye sare za shule ninazoshona, na binti yake akikaa chini ya meza ya cherehani kuokota vipande vya vitambaa.

Baba wa huyo binti ni fundi wa friji. Aliwaacha zamani akaenda zake, kisha siku moja akakumbuka ana mtoto. Si mapenzi yaliyomrudisha, ila mama yake alikuwa mgonjwa wa miguu na alitaka mtu wa kumtuma. Waligombana hadi kwa afisa ustawi, naye akaamua mtoto abaki na mama, kwa sharti moja: mzazi atakayetiwa hatiani kwa kosa la aibu atampoteza mtoto. Sharti liliwahusu wote wawili, tukaona ni haki. Tulitoka pale tunacheka.

Kisha mwenye nyumba ya wageni akapunguza mishahara, na Bawaba akaanza kupanda ghorofani bila mashuka. Sitalipamba jambo hili. Aliniambia mwenyewe mchana kweupe, huku ananikatia nyuzi. Nilimtukana matusi yote ninayoyajua na mengine nikayatunga. Akasubiri.

"Dada, umemaliza?"

"Bado."

"Ukimaliza uniambie ada ya mtoto utalipa wewe."

Nikarudi kushona, maana ada za wanangu mwenyewe zilikuwa zimenishinda.

Polisi waliingia alasiri, mashuka yakiwa bado kwenye kamba. Wanawake walitolewa kwa ngazi ya nyuma wakapandishwa gari. Wanaume waliambiwa wavae, waache namba zao za simu, waende. Mwanamume aliyekuwa na Bawaba ni mwenye duka la rangi, mtu anayeheshimika, ambaye huniuliza hali ya watoto kila nikipita dukani kwake. Alikuwa ameshafika barabarani, akarudi kumwomba askari ruhusa ya kuchukua kofia yake iliyosahaulika chumbani. Akapewa, na akafunguliwa mlango.

Pale mahakamani kuna desturi. Wanawake wa kesi hizo husimamishwa kizimbani pamoja, shtaka likasomwa mara moja, nao wakajibu kwa pamoja kama watoto wa darasani: "Ni kweli, mheshimiwa." Wanalipa faini na kurudi makwao kabla jua halijawa kali. Anayekataa hupelekwa rumande mpaka apate wa kumdhamini, kwa hiyo hakuna anayekataa. Askari wa kike anayewalinda huwafundisha koridoni, na wala hafanyi kwa ubaya.

"Semeni ni kweli, mkapike," aliwaambia. "Ukibisha utajitesa bure."

Wenzake Bawaba wakasema ni kweli. Bawaba akafikiria sharti la afisa ustawi. Kukubali ni kutiwa hatiani, na kutiwa hatiani ni kumpoteza mtoto.

"Ni kweli," akasema, "lakini sikuwa peke yangu."

Hakimu akavua miwani. "Hapa tunataka ni kweli au si kweli."

"Mheshimiwa, kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenzangu yuko wapi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akapanga siku ya kusikiliza kesi. Nilimwekea dhamana, nikamsema njia nzima tunarudi nyumbani, lakini moyoni nilikuwa nimefurahi kuliko siku niliyonunua cherehani.

Siku ya kesi nikamwona mwenye duka la rangi amekaa kwenye benchi la mbele, kavaa koti. Nikajua leo ndiyo leo, naye atapanda kizimbani. Kumbe mwenzenu mimi sijui kitu. Alikuwa shahidi wa serikali. Alipandishwa upande wa mashahidi, akaapa, akapewa maji ya kunywa. Akaeleza bila kutikisika alivyoingia, alivyopatana na mdogo wangu, alivyotoa pesa. Mwendesha mashtaka alimwita "bwana." Mdogo wangu akaitwa "mshtakiwa."

Bawaba akaruhusiwa kumuuliza maswali.

"Siku ile nilikuja dukani kwako kukuita?"

"Hapana."

"Nani alimfuata mwenzake?"

"Nilikuja mimi."

"Ulikuja kufanya nini?"

Akamtazama hakimu, kama anauliza kama ni salama. Hakimu akamwambia ajibu tu.

"Nilikuja kununua," akasema.

"Mheshimiwa amesikia mwenyewe," Bawaba akasema. "Sasa mbona yeye anakunywa maji na mimi nimesimama?"

Hakimu alimjibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alisema sheria inamtaja anayejiuza. Anayenunua haikumtaja. Yeye hakuitunga, kazi yake ni kuisoma ilivyo. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaanza kubishana naye kimoyomoyo. Ukinunua redio ya wizi, wewe na mwizi mnalala selo moja, na polisi watakwambia kama pasingekuwa na wanunuzi pasingekuwa na wezi. Hilo wanalijua. Wanalijua kwa redio, wanalijua kwa mbao za magendo. Likija suala la mwili wa mwanamke, ghafla inakuwa biashara ya mtu mmoja, anajiuzia mwenyewe hewani, na mwanamume aliyekuwemo chumbani ni mpita njia aliyeona tukio.

Bawaba alitiwa hatiani kabla ya mchana. Tulipanga foleni kwenye dirisha la karani kulipa faini. Mbele yetu alikuwepo yule mwenye duka la rangi, naye ana shughuli dirisha hilo hilo: anachukua nauli yake ya ushahidi. Aliweka sahihi, akazikunja zile noti, akageuka na kukutana nasi uso kwa uso. Akaniuliza watoto hawajambo. Nilimwambia kitu ambacho mama yangu asingependa nikiandike.

Hata hivyo nilijipa moyo. Nani atamwambia fundi wa friji? Hakuna anayesoma hukumu za mahakama ile ndogo. Wiki haikupita tukaitwa kwa afisa ustawi. Fundi alikuwa ameshafika, kakaa mguu juu ya mguu.

"Nani kakwambia?" Bawaba akamuuliza.

"Hakuna aliyeniambia."

"Umeota?"

"Nilikuwepo," akasema. "Chumba cha chini. Niliona dirishani unapandishwa gari."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamgeukia afisa ustawi, mwanamama wa makamo kama mimi, nikangoja naye ashtuke.

"Ulikuwepo unafanya nini?" Bawaba akauliza, sauti ikiwa chini kabisa.

"Mambo yangu. Na yule wa gauni la kijani, mliyesimama naye kizimbani." Alisema kwa macho makavu, kama anataja kinyozi wake. Aibu angeitoa wapi? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna jambo alilofanya.

"Mama, umesikia?" nikamwambia afisa. "Amekiri mbele yako. Sharti ni la wote wawili."

Alikuwa amesikia. Nilimwona amesikia, kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. "Sharti linasema kutiwa hatiani, dada yangu," akasema. "Baba hajashtakiwa. Hakuna kosa la kumshtaki nalo."

Bawaba, ambaye baba yetu alimchapa miaka mingi asimnyamazishe, alinyamaza. Aliinuka akatoka nje, na mimi ndiye niliyebaki kusikiliza maelekezo ya kumkabidhi mtoto.

Nguo zake nilizifunga mimi, maana mama yake hakuweza. Fundi alikuwa anangoja nje na pikipiki, anapiga honi. Mtoto alisimama mlangoni ameshika viatu vyake vya shule.

"Mama mkubwa, mama amefanya kosa gani?"

Nikamwambia mama yake alikuwa kwenye nyumba ambayo hakutakiwa kuwamo.

"Na baba alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi na yeye ana kosa."

Honi ikalia tena. Nilimvalisha viatu, nikamfunga kamba, nikamjibu kama sheria inavyosema. Nilimwambia baba yako hana kosa.