Mkono wa Baba kwenye Mashine ya Wajawazito

Baba yangu alipoanza kwenda Dar es Salaam kusafishwa damu, mkono wake wa kushoto ulipandishwa cheo. Madaktari wa huko waliunganisha mishipa yake miwili chini ya ngozi ili sindano za mashine zipate pa kuingilia, wakaamuru mkono huo usipimwe presha, usilaliwe, usifungwe kitu. Nyumbani tuliupa mto wake. Ukiugusa karibu na kiwiko, ulisikia mvumo wa damu chini ya kidole, kama paka akikoroma. Mishipa ya mkono wa kulia ilikuwa haifai, kwa hiyo roho yake yote ilikuwa kwenye huo.

Ukavimba, kuanzia vidole hadi begani. Majirani wakajua sababu mara moja: husuda. Nani wa kuhusudu mkono wa mgonjwa, hakuna aliyeniambia.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuja kutoka mtaani kwake Amani na chupa ya mafuta ya habasoda. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi mstaafu, lakini dada mkubwa hakataliwi. Akamkanda, kisha akaufunga mkono kwa kitambaa cha kijani kilichosomewa dua, akakikaza hasa. Kesho yake akakifungua, akaweka kidole. Mvumo hakuna.

"Alhamdulillahi, katoka huyo jini!" akasema. "Siku zote alikuwa akinguruma humo, mnamwachia tu."

Baba akanitazama. "Nipelekeni hospitali," akasema.

Mashine ya ultrasaundi ilikuwa kwenye chumba cha wajawazito, tukakaa kwenye benchi baina ya matumbo. Zamu yetu ilipofika, daktari aliuliza bila kuinua kichwa, "Mimba ya miezi mingapi?"

"Mkono tu, mwanangu," baba akajibu. "Lakini ukiona mtoto, nambie."

Shangazi alicheka mpaka buibui likamvuka.

Daktari akapaka jeli, akapitisha kifaa taratibu. Karibu na bega mshipa ulikuwa umebana. Uvimbe ulitokana na hapo, akasema, na mbano huo ungeweza kutanuliwa. Akateremka hadi kiwikoni, akarudia mara tatu. Pale damu ilikuwa imeganda, haipiti kabisa. Juu yake ngozi ilikuwa na mfuo wa kitambaa.

"Mshipa huu umekufa, mzee. Nani kaufunga?"

Shangazi alifungua mdomo. Baba akamwahi.

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono mmoja?"

"Na meno."

Baba hakuwa na jino hata moja la mbele. Daktari aliyatazama yale mafizi, akaandika alichoambiwa. Keshokutwa yake baba alitakiwa kuwa kwenye mashine Dar es Salaam, na hakuwa tena na pa kuchomwa sindano. Nilimpenda sana wakati ule. Shangazi akakitazama kidole alichokazia fundo, na mimi, niliyemshikia ncha ya pili ya kitambaa, nikaanza kumfuta baba jeli.