Nilimpa Mtawa Mgongo Nikidhani Ataniita

Nihukumuni tu, nimekosa mimi. Si shetani, si joto la Dubai, si madam. Ni huu ujanja wangu wa kijinga!

Mimi ni Mkenya, napiga picha hapa Dubai. Madam, bosi wangu, hutengeneza vitabu vikubwa vya picha vya kuwekwa mezani hotelini, vile ambavyo wageni huegesha vikombe juu yake. Safari hii alitaka picha za vitabu vya kale vya monasteri moja ya Ethiopia, vya ngozi, vilivyoandikwa kwa mkono enzi za mababu. "Lipa watakachosema," akaniambia, akanikabidhi bajeti nono. "Mimi nataka ruhusa."

Na nani alinitafutia njia? Tigist! Mchumba wangu, Muethiopia, msusi wa Satwa, Kiswahili kafundishwa na Wakenya wa saluni. Mkuu wa monasteri ile ni mjomba wake, naye alikuwa amekuja mtaa wa Deira, hapahapa Dubai, kuwatembelea waumini. Kwao nilikuwa bado sijatambulishwa. Kwa hiyo siku hiyo nilikwenda kuomba mawili: picha na, kimyakimya, mke.

Tukavua viatu mlangoni pa nyumba alikofikia mjomba. Tigist akakaanga buni, akaninong'oneza, "Kunywa vikombe vyote vitatu. Cha tatu ndicho cha baraka. Na usianze yale mambo yako ya sokoni."

Abba, ndivyo wanavyomwita mzee, alizungumza taratibu, Tigist akitafsiri. Vitabu visitoke nje ya monasteri. Nakala za picha wabaki nazo. Kisha akataja malipo. Lo! Hayakufika hata nusu ya bajeti ya madam!

Mwenye akili angesema asante. Mimi nikapiga hesabu ya chenji itakayobaki mfukoni mwangu. Nikaona lenzi mpya, nikaona na ploti kule nyumbani Kitale.

Nikakunja uso kama mtu anayeumwa na jino. "Abba, hiyo bei ni kubwa mno. Punguza."

Tigist akanikazia macho, akakataa kutafsiri. Mzee alielewa mwenyewe kwa kuniangalia tu. Akatabasamu, akarudia kiasi kilekile.

Basi nikatoa dawa yangu ya wauza simu wa Deira. Unasema khalas, yaani basi, unainuka, unampa mtu mgongo. Kabla hujafika mlangoni utasikia, "Rafiki, rudi! Bei ya mwisho!" Haijawahi kuniangusha.

"Khalas," nikasema. Kikombe cha pili nikakiacha nusu.

Mlangoni nikavaa viatu polepole. Nikafunga kamba, nikazifungua, nikafunga tena. Kimya! Halafu nikamsikia mzee akisema neno, na nyayo zikija. Nilijua tu! Nikageuka shingo upande, najifanya sitaki.

Tigist alikuwa ameshika chaja ya kamera yangu. "Umesahau hii. Abba anakutakia safari njema."

"Ngoja basi! Mwambie nitalipa yote!"

"Ile ilikuwa bei ya mabati," akasema. "Nyumba ya vitabu inavuja. Alipima paa, hakuongeza hata msumari. Ulitaka apunguze wapi, vitabu gani vinyeshewe?" Machozi yakamlengalenga. "Nilimwambia wewe ni mtu mwema. Sasa ananiuliza, siku nikiugua, utabishana na daktari?"

Akafunga mlango.

Madam alimtuma mpiga picha mwingine. Akalipa kilichotajwa, akanywa vikombe vyote vitatu, akapata ruhusa, na mabati yakaezekwa. Mimi nikarudishwa kupiga picha sahani za biriani za menyu. Biriani haina neno, inalipa. Ila Tigist hapokei simu zangu, na hilo ndilo linaloniua.

Ndugu zangu mnaosoma, bishaneni na wauza simu mpaka koo likauke, hiyo ni haki yenu. Lakini ukikaribishwa kwa watu ukavua viatu, maliza kahawa, lipa ulichoambiwa na ukae. Usimpe mgongo mtu unayemhitaji ukidhani atakukimbilia. Tamaa mbele, mauti nyuma. Tulifundishwa tukiwa wadogo, tukaona ni maneno ya wazee.

Jana nilipita saluni kwake Satwa. Alikuwa ndani anasuka, namsikia akicheka na wateja. Nikainama mlangoni kama mtu anayefunga kamba za viatu, nikasikiliza kama ataniita. Niliinama mpaka kiuno kikauma, na nilikuwa nimevaa ndala.