Kiberiti Juu ya Kijiko

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, hoteli za Durban zilikuwa zinatafuta watu, nami nikajiandikisha kozi ya jioni ya kazi za hoteli. Mchana nasuka nywele, jioni natembea kutoka Albert Park mpaka darasani, daftari na Biblia kwenye mkoba mmoja. Kutandika vitanda nikapita. Kupanga meza nikapita. Halafu ikafika sehemu ya baa.

Mimi nimeokoka. Pombe haijagusa mdomo wangu tangu nibatizwe. Mwalimu nilipomwambia akacheka: "Mama, nani amekuambia unywe? Wewe changanya tu."

Basi nikachanganya. Nikajua sheka, lile kopo la kutikisia, na jiga, kikombe kidogo cha kupimia. Sirapu nilidhani ni siri kubwa, kumbe ni sukari na maji! Ila kilichonipendeza kuliko vyote ni roki shandi: limonade nusu, maji ya soda nusu, barafu, kipande cha limau, na matone machache ya bitas, dawa chungu ya rangi ya kahawia inayotoka kwenye kachupa kadogo. Matone yanashuka ndani ya glasi polepole kama moshi. Watu wa huku wasiokunywa pombe ndicho wanachoagiza. Nikasema, hiki ni kinywaji cha watu wa Mungu.

Habari za kozi zikafika kanisani. Jumatano, baada ya maombi, mama prezidanti, yule anayeongoza wamama wote, akanisimamisha mbele yao.

"Dada, ni kweli unasomea pombe?"

"Nasomea hoteli, mama."

"Hoteli iko na pombe. Na wewe njo unapokea watu mlangoni kwa Bwana. Chagua: kozi ao mlango."

Ule mlango ndio uliniletea watu nilipofika Durban bila kumjua mtu. Na kozi ilikuwa imebaki mwezi mmoja tu. Mdomo ukanitangulia.

"Jumamosi iko harusi. Muniachie vinywaji. Nitatengeneza kama nilivyofundishwa, bila tone la pombe. Mukikuta hata moja, naacha kozi."

"Hata moja?"

"Hata moja, mama."

"Sawa. Mimi nilipika kanyanga miaka mingi mbele Yesu anikamate. Nitakuja na kiberiti changu."

Wamama wakacheka mpaka wakashikana. Kwetu kanyanga, ile pombe kali ya kupika nyumbani, inapimwa kwa moto: ikiwaka bluu, ni yenyewe.

Alhamisi nikanunua kachupa ka bitas. Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo. Alkoholi. Tena si kidogo, karibu nusu ya kachupa. Eish! Nikakaa chini.

Nikampigia mwalimu. Akanijibu: "Mama, ni matone mawili kwenye glasi nzima. Hakuna atakayejua."

Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini mimi nilikuwa nimesema bila tone.

Nikaomba. Halafu nikawaza: uchungu si wa pombe, uchungu ni wa majani. Asubuhi nikaenda soko la Warwick, kule juu ya daraja wanakouza dawa za miti, nikamwomba mama mmoja Mzulu kitu kichungu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Ni ya harusi."

Akamwita jirani yake aje anione. Walipomaliza kunicheka, akanipa fungu la mhlonyane, majani ya kijivu wanayochemsha kwa kikohozi. Nikayachemsha na maganda ya chungwa, karafuu na mdalasini. Nikaunguza sukari kupata rangi, nikachuja, nikatia kwenye kachupa kasafi. Nikaonja. Mungu wangu, uchungu ule!

Siku ya harusi wageni walinusa glasi, wakanywa, wakatazamana.

"Hii si dawa ya kifua?"

"Njo yenyewe. Lakini tamu!"

Mchungaji akaomba ya pili. Wenye mimba niliwapa limonade tupu, maana mhlonyane si dawa yao. Ndipo akaja mama prezidanti, kitenge kipya, kiberiti mkononi. Nikamsogezea glasi. Akaisukuma.

"Unaniona mtoto? Ndani ya maji mingi hata kanyanga inajificha. Leta kale kachupa."

Nikampa, huku nikiomba ingawa nilijua nilichopika. Akamimina kwenye kijiko, akawasha njiti, akakipasha joto kwa chini, taratibu, kama fundi ambaye hajasahau kazi. Akawasha njiti nyingine, akaishusha juu ya kijiko. Tsss, ikazimika. Ya tatu. Tsss.

Akalamba kijiko. Uso wote ukajikunja.

"Yesu! Hii inafukuza hata shetani."

Vigelegele vikalipuka. Yeye akangoja vitulie.

"Jumapili uko mlangoni," akaniambia. "Jumatatu uko darasani. Sasa nitilie glasi, na hiyo dawa yako usininyime."

Alikunywa tatu.

Jumatatu, kabla ya kwenda kozi, nilitoa kale kachupa ka dukani, nikamimina kidogo kwenye kijiko cha chai, nikakipasha joto kama nilivyomwona akifanya, nikawasha njiti. Moto wa bluu ukasimama palepale, mzuri kabisa. Nikaupuliza, nikakiosha kijiko mara mbili, nikafunga kachupa vizuri, nikakabeba darasani kwenye mkoba, upande wa daftari, mbali na Biblia.